Ukihesabu mishororo 14 bado hujaiona soneti

Kuna jibu moja la mtihani ambalo limekaa vichwani mwetu toka sekondari na halitaki kutoka: soneti ni shairi lenye mishororo 14. Basi, imeisha hiyo. Mwanafunzi anapewa shairi, anahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu mpaka kumi na nne, anaandika "bahari yake ni soneti kwa sababu lina mishororo kumi na minne", anawekewa vema na maisha yanaendelea. Sio kwamba jibu ni la uongo. Ila ni kama kumweleza mtu mpira wa miguu kwa kumwambia ni watu 22 uwanjani, ni kweli wapo hao 22, lakini hujamwambia wanafanya nini pale.

Tena hata hiyo hesabu yenyewe inavuja. Chukua Shakespeare, ndo mtu anayetajwa kila soneti zikitajwa. Kitabu chake cha soneti kilitoka London mwaka 1609, mna soneti 154. Sasa fungua ya 99, hesabu: mishororo 15. Nenda ya 126: mishororo 12. Na zote zimo humohumo kwenye mfululizo na namba zake, hazijawekwa pembeni. George Meredith mwaka 1862 akatoa mfululizo mzima wa mashairi ya ndoa iliyooza, kila moja mishororo 16, na wasomaji wengi mpaka leo wanayasoma kama soneti. Upande wa pili kuna Pushkin wa Urusi, riwaya yake ya kishairi ya Yevgeny Onegin imejengwa kwa beti za mishororo 14, beti kwa mamia, na hakuna mtu anasema kile ni kitabu cha soneti. Yani 14 inaweza kuwepo soneti isiwepo, na 14 inaweza kukosekana soneti ikawepo.

Anayenifurahisha zaidi kwenye hili ni Gerard Manley Hopkins, padre Mjesuti wa Uingereza, mtu wa karne ya 19. Yeye alichukua soneti akaipunguza kwa makusudi, akatunga mashairi ya mishororo kumi na nusu. Nusu kabisa, mshororo wa mwisho umekatwa. Unaweza kusema huyu alikuwa anacheza, lakini piga hesabu yake uone: soneti ya kawaida ya Kiitalia ina fungu la mishororo 8 halafu fungu la 6. Robo tatu ya 8 ni 6. Robo tatu ya 6 ni nne na nusu. Jumla kumi na nusu. Alikata urefu, ule uwiano hakuugusa. Maana yake yeye mwenyewe aliona kitu cha kulinda ni kwamba sehemu ya kwanza iwe nzito na ndefu kidogo, ya pili iwe fupi na iijibu ya kwanza. Idadi kwake ilikuwa mambo ya baadaye.

Na hapo kwenye neno "iijibu" ndo penyewe. Kwangu mimi soneti ni malumbano ya mtu mmoja. Mtu anasema jambo, analijenga vizuri, analipa ushahidi, ukishaanza kumkubalia anageuka anajijibu mwenyewe. Sisi watu wa Kiswahili malumbano tunayajua toka zamani, Mombasa ya kina Muyaka bin Haji mwanzoni mwa karne ya 19 mashairi yalikuwa yanarushwa kati ya mji na mji, siasa, vita, kejeli, na baadaye Mathias Mnyampala akaipandisha ngonjera mpaka ikaingia kila shule Tanzania, watoto wawili wamesimama mbele huyu anasema yule anajibu. Sasa hebu fikiria wale wawili umewaingiza ndani ya kichwa kimoja na umewapa mishororo 14 tu wamalize ugomvi wao. Hiyo ndo soneti.

Na sidhani kama nalazimisha mambo, maana ukirudi mwanzo kabisa unakuta hivyohivyo. Soneti ilizaliwa kisiwani Sicily, karibu na miaka ya 1230, kwenye baraza la mfalme Frederick II, na anayepewa sifa ya kuibuni ni Giacomo da Lentini ambaye kazi yake ilikuwa ya uthibitishaji wa hati, mtu wa mikataba na mihuri. Mimi hiyo kazi yake naipenda sana, kwa sababu soneti kweli ina harufu ya kimahakama, hoja hii, hoja ile, haya tuone hukumu. (Wapo wanaosema umbo lile lina damu ya ushairi wa Kiarabu kwa vile Waarabu waliwahi kukitawala kile kisiwa. Inawezekana, ila ushahidi ni mwembamba, siwezi kuuegemea.) Kwenye baraza hilohilo, Giacomo na wenzake wawili, Jacopo Mostacci na Pier della Vigna, walirushiana soneti wakibishana mapenzi ni kitu gani hasa, ni kitu kipo au ni jina tu. Mmoja anatupa swali, wa pili anajibu, wa tatu anakuja na lake. Watu wa serikali hao, wamekaa wanalumbana kwa mashairi. Pier della Vigna huyo baadaye alitiwa ndani kwa tuhuma za usaliti akafa 1249, mshairi Dante akaja kumweka motoni kwenye shairi lake kubwa, lakini hiyo ni stori nyingine.

Dante mwenyewe sasa. Watu wanamjua kama mzee wa heshima, jehanamu na pepo, ila ujanani alirushiana soneti za matusi na rafiki yake Forese Donati, na mojawapo Dante anamsema mke wa Forese kwamba anakohoa mafua katikati ya mwezi wa Agosti, yani joto limetanda Firenze nzima na yeye kitandani anaona baridi, msomaji ujazie mwenyewe kwa nini. Hakuna tofauti yoyote na vijembe vya taarabu. Kwa hiyo mtu akikuletea soneti kama kitu cha sebuleni, cha maua na kuvua kofia, mwambie imeanzia kwenye ubishi na vijembe.

Aliyeifanya iwe ya upweke ni Petrarch, mshairi wa Italia aliyefariki 1374. Huyu alisema alimwona mwanamke anayemwita Laura kanisani Avignon tarehe 6 Aprili 1327, na hakupona tena. Kitabu chake kina mashairi 366 na kati ya hayo 317 ni soneti. Hakuna mtu wa kumjibu. Laura hajibu. Basi jamaa inabidi abishane na nafsi yake: nataka sitaki, naungua naganda, bora nimsahau, nikimsahau nitabaki na nini. Ule mchezo wa watu wawili kurushiana ukageuka mchezo wa fungu la mishororo 8 dhidi ya fungu la mishororo 6, na pale katikati, mshororo wa 8 ukiisha wa 9 ukianza, ndo kuna kile kitu ambacho bila hicho hamna soneti: geuko.

Geuko mara nyingi linakuja na kijineno kidogo. Lakini. Ila. Hata hivyo. Bado. Twende kwa Shakespeare namba 29, mishororo minane ya mwanzo ni mtu amekata tamaa kabisa, watu wamemtenga, analia peke yake, anaisumbua mbingu na mbingu haisikii, anatamani sura ya fulani, marafiki wa fulani, kipaji cha fulani. Ukifika wa 9, "ila" moja tu: katikati ya kujidharau huko kwa bahati akamkumbuka mpenzi, na hapohapo moyo unapaa kama ndege anayeimba alfajiri. Hali ya maisha haijabadilika hata senti moja. Hajapata kazi, hajapata marafiki. Kilichobadilika ni alipoangalia. Namba 130 ni fundi zaidi kwa sababu geuko limecheleweshwa mpaka mshororo wa 13. Mishororo 12 nzima anamponda mpenzi wake: macho yake sio jua, marijani ni mekundu kuliko midomo yake, nywele ni waya mweusi, mashavu hayana waridi lolote, pumzi yake haifikii manukato, akitembea anakanyaga ardhi kama sisi sote. Unasoma unajiuliza huyu kaka kachokwa na maisha? Halafu mishororo miwili tu ya mwisho: na bado, Mungu wangu, mpenzi wangu ni adimu kuliko wote waliosingiziwa kwa mifano ya uongo. Hapo ndo unagundua aliyekuwa anapondwa sio mwanamke, ni washairi wenzake na masifa yao. Mishororo miwili imeigeuza ile 12 yote maana yake, inabidi urudi juu usome upya.

Sasa linganisha na shairi letu la tarbia lile tulilozoea, mizani (yani silabi) 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho, na mshororo wa nne unajirudia kila ubeti kama kibwagizo. Shairi hilo linazunguka. Linatoka, linaenda kuzurura, linarudi palepale, na kila likirudi msumari unazama zaidi. Nguvu yake ni kusisitiza. Ndo maana linafaa kufundisha, kuonya, kusifu, kuzika, kufungua mkutano. Soneti hairuhusiwi kurudi. Ikishapita mshororo wa 9 imeuacha ule upande na hakuna nauli ya kurudia. Sisemi moja ni bora, na wala kibwagizo sio kitu cha kijinga kama vijana wengine wanavyodhani, mtunzi mjanja anaweza kuandika kibwagizo ambacho ubeti wa kwanza kinasikika kama sifa na ubeti wa sita, maneno yaleyale bila kubadilisha herufi, kinasikika kama tusi. Hilo nalo ni geuko, na ni gumu kuliko la soneti. Ila ni nadra. Wengi wetu tunaweka kibwagizo kwa sababu tumeambiwa kiwepo.

Soneti ilipofika Uingereza ilikutana na shida ya vina. Sir Thomas Wyatt, aliyefariki 1542, ndo aliyeanza kuwaletea Waingereza soneti za Petrarch, na baada yake Henry Howard, yule mwenye cheo cha ukabaila cha Earl wa Surrey aliyekatwa kichwa 1547 akiwa bado kijana, akaona hii kitu haiendi. Kiitalia karibu kila neno linaishia na irabu, vina vimejaa kila kona, ukitaka maneno manne ya kina kimoja unaokota tu. Kiingereza hakina hiyo bahati. Kwa hiyo Surrey akalegeza kamba, badala ya vina vinne au vitano kwa soneti nzima akafanya saba, kila mishororo minne ina vina vyake viwili inavipishanisha, na mishororo miwili ya mwisho ina kina chake peke yake. Mwaka 1557 mchapishaji Richard Tottel akatoa mkusanyiko wenye kazi zao wote wawili wakiwa wameshakufa, umbo likasambaa, na nusu karne baadaye Shakespeare akalitumia mpaka likachukua jina lake.

Na hapa nataka niseme kitu kuhusu istilahi, kwa sababu nimeona maandishi ya Kiswahili kuhusu soneti yamejaa maneno ya kigeni yaliyobebwa mzimamzima eti sisi hatuna. Hatuna vipi? Sisi tuna majina ya beti kwa idadi ya mishororo kuliko hata wao: tathnia mishororo miwili, tathlitha mitatu, tarbia minne, takhmisa mitano, tasdisa sita, na wa mishororo minane tunauita unane. Basi soneti ya Kiingereza ni tarbia tatu zilizobanwa bila kupumua halafu tathnia ya kufungia. Soneti ya Kiitalia ni unane na tasdisa, na ukiingia ndani ni tarbia mbili na tathlitha mbili. Mtoto wa kidato cha tatu aliyesoma ushairi wetu ataelewa sekunde hiyohiyo. Vina tunavyo, mizani tunayo, vipande tunavyo, ukwapi na utao (nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo) tunavyo. Kilichokosekana ni jina moja tu la ile sehemu ya kugeukia, na geuko linatosha kabisa, mwenye jina zuri zaidi alete.

Tukija kwenye mizani ndo nina ugomvi wenyewe. Tunapofundishwa soneti tunafundishwa kwa mlango wa Shakespeare, kwa sababu ya historia yetu, Nyerere mwenyewe alimtafsiri Juliasi Kaizari 1963 na Mabepari wa Venisi 1969, Shakespeare kwetu ni mtu wa nyumbani karibu. Lakini mshororo wa soneti ya Kiingereza umejengwa kwa mkazo, silabi 10 zinaenda dhaifu-nzito, dhaifu-nzito mara tano, na inatua kwenye nzito. Kiswahili hakiwezi hilo na sio udhaifu, ni maumbile: mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, ki-TA-bu, ni-me-PA-ta, kwa hiyo karibu kila neno linatua kwenye silabi dhaifu. Mshororo wa Kiswahili kuishia kwenye silabi nzito itabidi uokoteze vijineno vya silabi moja kila mwisho, tu, ni, si, la, utasikika kama mtu mwenye kwikwi.

Nenda kwa Waitaliano sasa. Wao mshororo wao mkuu una mizani 11. Wanahesabu silabi kama sisi (wana ujanja wao, irabu mbili zikikutana kati ya neno na neno mara nyingi wanazimeza wanahesabu moja, ila tuliache hilo), na maneno yao mengi mkazo uko palepale pa kwetu, silabi ya pili kutoka mwisho. Dante anafungua shairi lake kubwa hivi: Nel mezzo del cammin di nostra vita. Isome kama unavyosoma Kiswahili, no-stra VI-ta. Nel, me, zo, del, ka, min, di, no, stra, vi, ta. Kumi na moja. Hata mtu ambaye hajawahi kuiona Italia ataitua vizuri.

Na sisi hatuna mshororo wa 11? Tunao, na ni wa kifalme. Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, pwani ya Lamu na Pate, chukua ubeti huu hapa wa dunia kuitwa bahari yenye mawimbi:

Suu ulimwengu bahari tesi
una matumbawe na mangi masi
aurakibuo juwa ni mwasi
kwa kula khasara ukhasiriye

Hesabu pole pole. Su-u u-li-mwe-ngu, sita. Ba-ha-ri te-si, tano. U-na ma-tu-mba-we, sita. Na ma-ngi ma-si, tano. A-u-ra-ki-bu-o, sita; ju-wa ni mwa-si, tano. Kwa ku-la kha-sa-ra, sita, u-kha-si-ri-ye, tano. Kumi na moja kila mshororo, imegawanyika 6 na 5 na pumzi katikati. Hakuna vina vya kati. Hakuna kibwagizo, kuna ule mlio wa -ye tu unaofunga kila ubeti. Sisemi Sayyid Abdallah alisoma Petrarch, wala Petrarch hakuja Lamu, hilo halipo. Nasema tu kwamba kama unatafuta nyumba ya soneti kwenye Kiswahili, nyumba imejengwa zaidi ya miaka 200 iliyopita, ina vipimo vilevile, na sisi tuko nje tunapima kiwanja kwa futi za Kiingereza.

Nimejaribu moja ili nisiongee hewani. Mizani 11, 6 na 5 kama Inkishafi, vina vinne tu, tarbia mbili na tathlitha mbili, geuko linakaa mshororo wa 9:

Mama niko poa, kazi ni tele,
nimepanga chumba hapa mjini,
bosi ni mpole, yuko makini,
mtaa u kimya, bila kelele.

Mwambie na baba, nasonga mbele.
Mwezi ukiisha nitume nini?
Sukari, mafuta, ada shuleni,
au ile kanga ya siku zile?

Simu ikakata. Salio kwisha.
Nimekaa hapa kando ya duka,
begi la safari sijalishusha.

Leo kila geti nimezunguka.
Tumbo langu, mama, lanikumbusha
chungu cha nyumbani kinavyofoka.

Mkali wa vina atasema -sha na -ka zote zinaangukia "a", zimekaribiana, na ana haki yake. Ila angalia kazi inayofanywa na lile geuko. Mishororo minane ni sauti ya mtu anaongea na mama yake, na ukikutana nayo peke yake ni shairi la kawaida la kujisifu, tena limepwaya. Wa 9 unaingia, hakuna hata "lakini", ni simu tu imekata, na yale manane yote yanageuka kuwa uongo wa huruma. Ningeliandika kwa tarbia za kawaida na kibwagizo cha "mama niko poa" ningelazimika kusema ukweli na uongo kila ubeti, nikirudia, na msomaji angeshanishtukia ubeti wa pili. Soneti imenipa nafasi ya kudanganya bila kukatizwa mpaka nilipoamua mwenyewe. Tena tathlitha ya kwanza ndo inayouma, ya pili inatulia. Uwiano wa 8 kwa 6 unafanya kazi hapo, kwa sababu ukweli umepewa nafasi ndogo kuliko uongo, kama kwenye simu zenyewe tunazopiga nyumbani.

Na hili la vina vinne nalo lina sababu. Kiswahili vina ni vingi mno, sheria yetu inataka silabi ya mwisho tu ifanane, na vitenzi vyetu vingi vinaishia na "a", mahali panaishia na "-ni", mtu anaweza kutunga usingizini. Wazee waliliona hilo ndo maana wakaongeza vina vya kati, wakaongeza mtiririko wa vina vilevile toka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, ili kazi iwe kazi. Sasa ukichukua soneti ya Surrey yenye vina saba, iliyolegezwa kwa ajili ya lugha yenye njaa ya vina, ukaileta kwenye lugha iliyoshiba, umejipunguzia kazi mara mbili. Bora ubane kama Petrarch.

Najua kuna watakaosema ya nini yote haya, tuna utenzi, tuna shairi, tuna ukawafi, soneti ya Wazungu ya kazi gani. Na wengine upande ule mwingine watasema vina na mizani vyenyewe ni kongwa, tulishavuka, kina Kezilahabi walishamaliza kazi na diwani ya Kichomi mwaka 1974. Ule ugomvi wa miaka ya 70, wanamapokeo huku, wanamabadiliko kule, mimi naona ulikwama sana kwenye swali moja la shairi likose vina au lisikose, na swali la hoja inatembeaje ndani ya shairi likabaki kando. Unaweza kuwa na vina vyote na mizani yote na wazo limesimama kama gogo toka ubeti wa kwanza mpaka wa ishirini, na unaweza kuandika shairi huru la kurasa tatu na nalo limesimama vilevile.

Kwa anayesema ni umbo la mkoloni, namtajia mtu mmoja tu, Claude McKay, Mjamaika mweusi aliyekuwa Marekani mwaka 1919, mwaka ambao makundi ya wazungu yalivamia watu weusi kwenye miji mingi, Chicago, Washington na kwingine. Aliandika shairi la kuwaambia watu wake kwamba kama kufa ni lazima basi tusife kama nguruwe waliozingirwa na mbwa, tufe tukipigana. Hasira tupu. Na alichagua nini? Soneti, tena ile ya Shakespeare yenye vina vyote na tathnia ya kufungia. Angeweza kupiga kelele tu bila umbo. Aliipigia kelele ndani ya umbo la haohao waliojiona wao ndo wastaarabu, kila kina mahali pake, na wale waliovamia wakabaki upande wa wanyama. Umbo halina pasipoti bana.

Kinachobaki kigumu kwangu ni sauti. Shairi la Kiswahili ni la kughanwa, ukilisoma kavu umelinyima nusu ya uhai, na soneti toka kule Sicily ilikuwa na tabia ya kusomwa zaidi kuliko kuimbwa. Inkishafi inaghanwa, mahadhi yake yapo, na kwa vile mizani ni ileile soneti ya 6 na 5 inaingia kwenye mahadhi hayo bila kusukumwa. Mtu mwenye sauti ajaribu hivi: mishororo minane ya kwanza aighani kwa mahadhi ya Inkishafi, vizuri kabisa, avute na irabu zake, halafu akifika wa 9 aache kughani. Aiseme ile sita iliyobaki kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeongea na jirani.